Jukwaa la karatasi

Jukwaa la karatasi (pia: thieta ya karatasi au jukwaa la kuchezea) ni aina ndogo ya maonyesho ya vikaragosi. Wahusika na mandhari huchorwa au kuchapishwa kwenye karatasi, hubandikwa juu ya kadibodi, hukatwa kwa mkasi, kisha huchezeshwa ndani ya boksi lenye umbo la jukwaa la ukumbi wa maigizo. Mtu mmoja, au kikundi cha watu wachache, husoma maneno ya wahusika wote huku akiwasogeza kwa waya au vijiti kutoka pembeni.

Sanaa hii ilianza Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19 kama bidhaa ya madukani: watoto na vijana walinunua karatasi zenye picha za tamthilia zilizokuwa zikichezwa mjini, wakazipaka rangi na kuzirudia nyumbani. Mwishoni mwa karne hiyo ilianza kufifia, na katikati ya karne ya 20 ilibaki kidogo ipotee kabisa. Leo inaendelezwa na wasanii wa vikaragosi, makumbusho machache na hasa warsha zinazofanyika kwenye matamasha ya vikaragosi, ambako watu wasio na ujuzi wowote wa awali hutengeneza jukwaa lao na kulionyesha mbele ya watazamaji.

## Jina

Waingereza huiita sanaa hii kwa jina lenye maana ya "ukumbi wa kuchezea". Katika karne ya 19 waliiita pia "maigizo ya vijana". Wajerumani husema *Papiertheater*, yaani "ukumbi wa karatasi", na Wadenmark *dukketeater*, yaani "ukumbi wa vikaragosi".

Ingawa neno "kuchezea" linaonyesha kwamba ni kitu cha watoto, tangu mwanzo watu wazima walishiriki pia. Walikuwa wakikusanya picha za waigizaji mashuhuri, wakizipamba kwa vipande vya karatasi ya metali inayong'aa na vya kitambaa, na kuzitundika ukutani.

## Muundo

Jukwaa la karatasi hufuata umbo la ukumbi wa maigizo wa Ulaya wa karne ya 18 na 19. Sehemu zake kuu ni hizi:

* Fremu ya mbele – ukuta wenye uwazi mkubwa katikati, unaopambwa kwa nguzo, mapazia yaliyochorwa na mara nyingi picha ya wapiga muziki chini yake. Fremu ndiyo inayomwambia mtazamaji aangalie wapi, na huficha mikono ya wachezeshaji.
* Sakafu – ubao au kadibodi yenye mifereji inayokwenda kutoka upande hadi upande. Wahusika huteleza ndani ya mifereji hiyo.
* Mabawa – vipande vya mandhari vinavyosimamishwa kushoto na kulia, jozi kwa jozi, kama vile miti, nguzo au kuta za nyumba.
* Mandhari ya nyuma – picha kubwa inayofunga jukwaa kwa nyuma: bahari, mlima, mtaa au chumba.
* Wahusika – picha za watu na wanyama, mara nyingi zenye urefu wa sentimita 5 hadi 10.
* Vishikio – waya au ukanda mrefu wenye kikombe au kishikizo kidogo mwishoni, ambamo mguu wa kikaragosi huchomekwa. Mchezeshaji husukuma na kuvuta kishikio akiwa pembeni.
* Kitabu cha maneno – tamthilia iliyofupishwa, pamoja na maelekezo ya nani aingie lini na kutoka upande gani.
* Taa – zamani zilikuwa taa ndogo za mafuta au mishumaa. Siku hizi hutumika tochi na taa za LED.

Kina cha jukwaa hutokana na hila ya macho. Kila jozi ya mabawa huwekwa ndani kidogo kuliko ile iliyo mbele yake, na michoro hupungua ukubwa kadiri inavyokwenda nyuma. Kwa njia hii boksi lenye kina cha sentimita 40 linaweza kuonekana kama uwanja mrefu wa kasri. Hila hiyo ina sharti lake: mhusika mkubwa akisogezwa hadi nyuma kabisa ataonekana jitu lililo refu kuliko nyumba. Kwa sababu hiyo mhusika anayeonekana kwa mbali huchorwa mara ya pili kwa umbo dogo.

Kikaragosi cha karatasi hakina viungo vinavyokunjika. Wachapishaji walitatua tatizo hilo kwa kumchora mhusika yuleyule mara kadhaa: amesimama, amechomoa upanga, amepiga magoti, amelala amekufa. Mchezeshaji humtoa mhusika upande mmoja na kumrudisha akiwa na mkao mwingine. Kutikisa kishikio kidogo ni ishara kwamba mhusika huyo ndiye anayesema. Wengine lazima watulie, la sivyo watazamaji hawatajua sauti inatoka kwa nani.

## Historia

### Mwanzo jijini London

Kabla ya karne ya 19 tayari kulikuwa na picha za karatasi zilizopangwa safu kwa safu ili kuleta kina. Mchapishaji Martin Engelbrecht wa Augsburg, Ujerumani, alijulikana katika karne ya 18 kwa kazi za namna hiyo, ambazo zilitazamwa ndani ya boksi. Hata hivyo picha hizo hazikusogea wala hazikuwa na tamthilia ya kusoma.

Jukwaa la karatasi lenyewe lilizaliwa London. William West, aliyekuwa na duka dogo karibu na mtaa wa Strand, alianza mwaka 1811 kuchapisha karatasi zenye picha za wahusika wa tamthilia zilizokuwa zikivuma mjini. Mwenzake J. K. Green alidai baadaye kwenye karatasi zake kwamba yeye ndiye mvumbuzi wa kwanza, tangu mwaka 1808. Mwaka 1850 mwandishi wa habari Henry Mayhew alimhoji West, wakati huo akiwa mzee, na mahojiano hayo ni kati ya vyanzo muhimu vya habari za biashara hiyo.

Mwanzoni karatasi zilikuwa na picha za waigizaji tu. Baadaye wateja walitaka pia mandhari, mabawa, fremu na maneno, hata ikawezekana kununua tamthilia nzima na kuicheza nyumbani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 takribani tamthilia 300 za London zilitolewa kwa namna hiyo.

### Kazi ya wachapishaji

Mchapishaji alimtuma mchoraji kwenye ukumbi akae na kuchora mandhari, mavazi na mikao ya waigizaji wakiwa jukwaani. Michoro ilichongwa kwenye mabamba ya shaba na kuchapishwa kwa wino mweusi. Kasi ilikuwa muhimu, kwa sababu wateja walitaka kununua tamthilia wakati bado inazungumzwa mitaani.

Karatasi isiyo na rangi iliuzwa peni moja, na ile iliyopakwa rangi peni mbili. Bei hizo mbili zilikuja kuwa msemo uliojulikana kwa Waingereza wote. Rangi zilipakwa kwa mkono, mara nyingi na watu wa familia ya mchapishaji au vibarua waliokaa mezani, na rangi zilizopendwa zilikuwa kali: nyekundu, buluu, njano na kijani. Tofauti ya peni moja ilikuwa kubwa kwa mtoto wa familia maskini, hivyo wengi walinunua zisizo na rangi na kujipakia wenyewe. Baadaye ushindani ulishusha bei hadi nusu peni.

Pamoja na West na Green, wachapishaji waliojulikana ni Orlando Hodgson, familia ya Skelt, Park, W. Webb, John Redington na Benjamin Pollock. Mabamba ya shaba yalikuwa mali ya thamani: mchapishaji alipokufa au kufilisika, mwingine aliyanunua, akafuta jina la zamani na kuchonga lake. Mabamba ya Green yalikwenda kwa Redington, aliyekuwa na duka katika mtaa wa Hoxton, mashariki mwa London. Pollock alimwoa binti wa Redington, Eliza, akarithi duka na mabamba yote.

### Kinu kinacholipuka

Tamthilia iliyopendwa kuliko zote kwenye majukwaa ya karatasi ni *The Miller and His Men* ya Isaac Pocock, iliyochezwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Covent Garden mwaka 1813. Inahusu msagishaji wa nafaka ambaye kwa siri ni kiongozi wa majambazi. Mwishoni kinu chake hulipuliwa kwa baruti. Wachapishaji wengi walitoa toleo lao, na kila mtoto alitaka kuona kinu kikiruka vipande vipande.

Charles Dickens aliicheza alipokuwa mwanafunzi. Mmoja wa waliosoma naye alisimulia baadaye kwamba vijana hao walitengeneza kinu kilichoweza kusambaratika kwa msaada wa fataki, na kwamba siku moja mlipuko ulikuwa wa kweli kiasi kwamba polisi waliingilia kati. Kisa hiki kinachekesha, lakini kinaonyesha pia hatari ya mchezo wenyewe: karatasi kavu, rangi, mishumaa na baruti ndani ya boksi moja. Hii ni sababu mojawapo kwa nini majukwaa mengi ya zamani hayakudumu.

### Nchi nyingine

Sanaa hii ilienea haraka katika bara la Ulaya, na kila nchi iliipa sura yake.

Katika nchi zinazosema Kijerumani picha zilichapishwa hasa kwa litografia, yaani uchapishaji wa kutumia mawe, jambo lililowezesha rangi laini na maelezo madogo madogo. Trentsensky huko Vienna, Joseph Scholz huko Mainz na J. F. Schreiber huko Esslingen walikuwa kati ya wachapishaji wakubwa. Tofauti na London, ambako melodrama na majambazi yalitawala, wachapishaji wa Kijerumani walitoa pia opera, tamthilia za Friedrich Schiller na hadithi za kale. Wazazi wa tabaka la kati waliliona jukwaa la karatasi kuwa njia ya kuwafundisha watoto fasihi ya taifa lao.

Nchini Denmark sanaa hii iliingia katika maisha ya nyumbani kwa nguvu na ilidumu hadi karne ya 20. Alfred Jacobsen wa Copenhagen alichapisha mandhari nyingi zilizosifiwa kwa uzuri wake. Majukwaa ya Kidenmark mara nyingi hubeba juu ya fremu maneno yaleyale yaliyoandikwa katika Ukumbi wa Kifalme wa Copenhagen, yenye maana ya kwamba mahali hapo si pa burudani tu.

Ufaransa ilikuwa na karatasi za Épinal, mji uliojulikana kwa picha za rangi za bei nafuu, na Hispania ilikuwa na wachapishaji wa Barcelona, hasa mwanzoni mwa karne ya 20.

### Kufifia

Sababu za kufifia zilikuwa kadhaa. Kwanza, tamthilia zenyewe zilibadilika. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 kumbi za Ulaya zilianza kupendelea maigizo ya maisha ya kawaida, ambamo watu huketi sebuleni na kuzungumza. Tamthilia ya namna hiyo haimpi kikaragosi cha karatasi kitu cha kufanya, kwa kuwa nguvu yake ni mapigano, meli kuzama, majumba kuungua na mizuka kutokea. Pili, magazeti ya wavulana yalianza kutoa karatasi za jukwaa kama nyongeza, na maduka madogo hayakuweza kushindana na kitu cha bure. Tatu, baadaye zilikuja sinema na redio.

Wachapishaji wa London hawakuchora tamthilia mpya, bali waliendelea kuchapa za zamani kutoka mabamba yaleyale. Mtoto wa mwaka 1900 aliyenunua karatasi dukani kwa Pollock alikuwa akicheza maigizo ambayo babu yake aliyaona ukumbini.

Mwaka 1884 mwandishi Robert Louis Stevenson, aliyekulia Edinburgh akinunua karatasi za Skelt, alichapisha insha ya kuusifu mchezo huo na kuwataka wasomaji waende kwa Pollock. Stevenson alikiri kwamba kwake raha kubwa ilikuwa kuchagua karatasi dukani na kuzipaka rangi. Kucheza tamthilia yenyewe kulikuja kumchosha. Insha hiyo iliwaleta wateja wapya, wengi wao wasanii na waandishi, na ilisaidia duka la Hoxton kuendelea. Pollock alifariki mwaka 1937 baada ya kufanya kazi hiyo kwa takribani miaka 60. Binti zake waliendelea na duka hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha wakauza hazina yote.

### Kuokolewa kwa hazina ya Pollock

Baada ya vita mfanyabiashara wa vitabu alijaribu kuifufua kampuni. Toleo lake moja lilitokana na filamu ya *Hamlet* ya Laurence Olivier ya mwaka 1948, likiwa na picha za waigizaji wenyewe. Biashara haikufaulu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mali ya kampuni ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni.

Mwaka 1954 Marguerite Fawdry alitafuta vishikio vya waya kwa ajili ya jukwaa la karatasi la mwanawe. Aliambiwa kwamba vishikio vipo kwa wingi mno ghalani, lakini hakuna mtu wa kuvitafuta. Kama anavitaka anaweza kununua mali yote. Akainunua: mabamba, karatasi na kila kilichobaki. Mwaka 1956 alifungua makumbusho ya vitu vya kuchezea kwa jina la Pollock, iliyohamia mtaa wa Scala mwaka 1969. Makumbusho hiyo ilifungwa katika jengo hilo Januari 2023. Duka lenye jina la Benjamin Pollock, ambalo ni biashara tofauti, lipo Covent Garden na bado linauza majukwaa ya karatasi.

### Ufufuo

Tangu miaka ya 1980 jukwaa la karatasi limepata maisha mapya kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya wahifadhi. Nchini Ujerumani, mji mdogo wa Preetz karibu na Kiel umekuwa ukipokea mkutano wa kimataifa wa majukwaa ya karatasi tangu mwaka 1988, na katika kasri la Philippsruhe mjini Hanau kuna makumbusho ya sanaa hii. Wachezeshaji wa mikutano ya namna hii hutumia karatasi za zamani au nakala zake, pamoja na muziki na taa zilizopangwa kwa uangalifu.

Njia ya pili ni ya wasanii wa jiji la New York. Kikundi cha Great Small Works, ambacho baadhi ya waanzilishi wake walitokea katika Bread and Puppet Theater, kiliundwa mwaka 1995. Wasanii hao walikuwa tayari wameanza tamasha la kimataifa la majukwaa ya karatasi mwaka 1993, na katika miaka iliyofuata tamasha hilo lilifanyika pia katika ukumbi wa St. Ann's Warehouse, Brooklyn. Badala ya kurudia tamthilia za zamani walikata picha na maneno kutoka magazeti ya siku hizo, wakaonyesha vita, siasa na maisha ya mitaani ndani ya boksi. Kwao udogo wa jukwaa ulikuwa faida: onyesho linaweza kutengenezwa kwa siku chache, bila fedha nyingi, na bila kuomba ruhusa ya ukumbi mkubwa.

Njia hizi mbili hazikubaliani daima. Wahifadhi husema kwamba karatasi za kale ni urithi unaoweza kupotea, na anayezikata lazima ajue anachokikata. Wasanii hujibu kwamba mchezo huu ulipokuwa hai ulionyesha mambo mapya ya mjini, na kwamba kurudia melodrama za mwaka 1813 pekee ndiko kulikokaribia kuuua. Katika matamasha mengi pande zote mbili huonekana chini ya paa moja.

## Warsha katika matamasha ya vikaragosi

Kwa kuwa wachapishaji wa kibiashara wamebaki wachache, warsha ndiyo njia kuu ambayo watu hujifunza sanaa hii leo. Warsha huweza kuwa ya saa mbili kwa watoto na wazazi, au ya siku kadhaa kwa walimu na wasanii. Kwa kawaida hufanyika mezani katika vikundi vidogo na huishia na onyesho.

### Vifaa

Vifaa ni vya kawaida na vya bei nafuu: boksi la bidhaa za dukani, kadibodi, karatasi ya manila, magazeti na picha za zamani, gundi, mkasi, kisu cha kukatia, rula, rangi, waya mgumu au vijiti, na tochi moja au mbili. Wakufunzi wengi hawatoi michoro iliyo tayari, ili washiriki wasitumie muda wote kupaka rangi kazi ya mtu mwingine.

### Hatua

1. Kuchagua hadithi. Hadithi iwe fupi, ya dakika 3 hadi 10, na iwe na matendo. Habari moja ya gazeti, ngano au kumbukumbu ya familia inatosha. Hadithi hugawanywa katika picha chache, kila picha ikiwa na mandhari yake.
2. Kukata boksi. Boksi hulazwa kwa upande. Mbele hukatwa dirisha la fremu. Pande za kushoto na kulia huachwa wazi kwa ajili ya vishikio. Juu huachwa wazi ili mandhari ziweze kushushwa na taa iingie.
3. Kupanga mandhari. Mandhari ya nyuma huwekwa kwanza, kisha mabawa. Mtu mmoja hukaa mahali pa mtazamaji na kuangalia kama mikono inaonekana.
4. Kutengeneza wahusika. Picha hubandikwa kwenye kadibodi kabla ya kukatwa. Gundi ikiwa nyingi, kadibodi hujikunja. Hivyo huwekwa chini ya vitabu vizito mpaka ikauke.
5. Kuweka vishikio. Kishikio lazima kiwe kirefu kuliko nusu ya upana wa jukwaa, la sivyo mhusika hatafika katikati.
6. Kugawana kazi. Mmoja husoma, wawili husogeza wahusika, mmoja hushughulikia taa, sauti na pazia.
7. Mazoezi na onyesho. Kubadilisha mandhari ndiko kunakohitaji mazoezi zaidi kuliko maneno.

### Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kutengeneza wahusika wengi mno. Kikundi huishia na vikaragosi 20 na hakuna muda wa mazoezi. Kosa la pili ni kusogeza kila mhusika wakati wote. Kosa la tatu ni kuweka watazamaji mbali. Kikaragosi cha sentimita 8 hakionekani vizuri kutoka umbali wa mita 10, kwa hiyo watazamaji huketi karibu, na idadi yao hupunguzwa. Matamasha mengi hutatua jambo hili kwa kurudia onyesho moja mara kadhaa kwa siku, au kwa kuweka majukwaa kadhaa katika chumba kimoja ili watu wapite kutoka boksi moja hadi lingine. Wengine hutumia kamera na skrini, lakini wapo wanaopinga njia hiyo kwa sababu inaondoa ukaribu ambao ndio uhai wa mchezo.

### Usalama

Mishumaa, fataki na baruti za zamani hazitumiki tena mbele ya watoto. Moto huigizwa kwa karatasi nyekundu inayopita mwanga wa tochi, na moshi kwa pamba au unga kidogo. Kinu cha Pocock bado hulipuka, lakini kwa uzi: vipande vyake husimamishwa bila gundi na huvutwa kwa pamoja wakati taa inapozimwa ghafla.

## Umuhimu kwa historia ya maigizo

Karatasi za jukwaa ni ushahidi wa aina yake. Kumbi kubwa za London za wakati huo ziliungua: Covent Garden mwaka 1808 na tena 1856, Drury Lane mwaka 1809. Mandhari halisi za maonyesho mengi hazipo tena, na upigaji picha ulikuwa haujaanza wakati tamthilia hizo zilipochezwa. Kwa tamthilia kadhaa, karatasi iliyouzwa kwa peni moja kwa watoto ndiyo kumbukumbu bora iliyobaki ya namna jukwaa lilivyoonekana na waigizaji walivyosimama. Mikusanyo mikubwa inahifadhiwa katika British Museum na Victoria and Albert Museum, zote za London.

Mwanahistoria George Speaight, aliyekuwa pia mchezeshaji, aliandika mwaka 1946 kitabu kilichoweka msingi wa utafiti wa majukwaa ya karatasi ya Uingereza. Mwigizaji Peter Baldwin, aliyehusika na duka la Pollock huko Covent Garden, alichapisha mwaka 1992 kitabu kuhusu majukwaa ya karatasi ya nchi mbalimbali.

## Katika fasihi na sanaa

* G. K. Chesterton, ambaye baba yake alimtengenezea jukwaa la karatasi, aliandika insha kulihusu katika kitabu *Tremendous Trifles* (1909). Alieleza kwamba sanaa yenye mipaka midogo inaweza kubeba mawazo makubwa, kwani ndani ya boksi dogo ni rahisi kuonyesha tetemeko la ardhi au siku ya mwisho.
* Katika riwaya *Buddenbrooks* ya Thomas Mann (1901), mtoto Hanno anapewa jukwaa la kuchezea kama zawadi ya Krismasi.
* Baleti *The Triumph of Neptune* (1926) ya kikundi cha Sergei Diaghilev, yenye muziki wa Lord Berners, ilitumia mandhari zilizotokana na karatasi za London.
* Edward Gorey alitoa *Dracula* kama jukwaa la karatasi la kukata na kuunganisha mwaka 1979.
* Filamu *Fanny och Alexander* ya Ingmar Bergman (1982) inaanza na mvulana anayechungulia ndani ya jukwaa la karatasi.

## Sanaa zinazokaribiana

Jukwaa la karatasi hutofautiana na maonyesho ya vivuli, kama *wayang kulit* ya Indonesia na *Karagöz* ya Uturuki, kwa sababu watazamaji huona picha yenyewe wala si kivuli chake. Hutofautiana pia na *kamishibai* ya Japani, ambayo jina lake lina maana ya mchezo wa karatasi. Katika kamishibai, iliyovuma sana miaka ya 1930, msimulizi alipita mitaani kwa baiskeli akiwa na fremu ya mbao na kuonyesha kadi za picha moja baada ya nyingine. Wahusika hawasogei ndani ya picha. Hata hivyo wakufunzi wa warsha mara nyingi hufundisha sanaa hizi pamoja, kwa kuwa zote zinahitaji karatasi, fremu, sauti ya mtu mmoja na watazamaji walioketi karibu.

## Tazama pia

* Kikaragosi
* Tamthilia
* Melodrama
* Litografia
* Kamishibai
* Wayang